Diski Aliyoifuta Bisibisi

Kila siku akitoka shule, Bisibisi alipitia kliniki alikofanya kazi mama yake, muuguzi. Alifuta vumbi kwenye meza ya mapokezi, kisha akakaa kufanya mazoezi ya shule mpaka mgonjwa wa mwisho aondoke. Jina hilo alibandikwa na binamu zake, kwa sababu hakuna kitu chenye skrubu kilichopita mbele yake kikabaki salama. Redio ya babu yake aliifungua akiwa na miaka saba, na mpaka leo inasikika upande mmoja tu.

Kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kuzima kompyuta ya kliniki jioni. Ndani yake mlikuwa na diski mbili. Ile ndogo ilikuwa na mfumo wa zamani, ambao hakuna aliyeutumia tena. Ile kubwa ilikuwa na mfumo mpya na rejesta ya wagonjwa wote. Kila ilipowashwa, kompyuta ilionyesha kwanza mistari miwili ili mtu achague mfumo anaoutaka. Siku zote mama alichagua wa pili.

Ijumaa moja Bisibisi alibaki peke yake mapokezi. Alitaka nafasi ya kuweka mchezo wa magari aliopewa na rafiki yake.

"Hii ya zamani imekaa bure tu," alijisemea.

Akaichagua diski ndogo, akabonyeza kufuta. Kompyuta ikamuuliza kama ana hakika. Akabonyeza ndiyo. Ikamuuliza tena. Akabonyeza ndiyo bila hata kusoma. Hakuna kilichoharibika mbele ya macho yake. Rejesta ilikuwa palepale. Kabla hajaweka mchezo wake, mama akamwita waondoke. Akazima kompyuta, akafunga mlango nyuma yake.

Jumamosi asubuhi wingu zito lilikuwa limefunika mji, na ndani ya kliniki kulikuwa na giza kana kwamba hakujakucha. Mama alibonyeza kitufe cha kompyuta. Feni ikavuma. Mistari miwili haikuja. Kioo kilibaki cheusi, na juu kabisa yakatokea maneno machache meupe, kisha hata hayo yakaacha kusogea. Mama akazima, akawasha tena. Vilevile.

"Mwanangu, jana ulipozima, ilionyesha kitu chochote?"

Bisibisi aliikumbuka ile diski ndogo. "Hapana, Mama. Ilizimika kama kawaida."

Mama alikuwa bado ameinama pale bibi mmoja alipoingia akihema, amembeba mjukuu wake mgongoni. Mtoto alikuwa na miaka miwili hivi. Mbavu zake zilibonyea kila alipovuta pumzi, na koo lilitoa sauti kama ya karatasi inayokunjwa. Daktari alimpima haraka, uso ukambadilika.

"Kifua kimembana vibaya. Anahitaji sindano sasa hivi."

"Daktari, ngoja!" alisema bibi. "Mwaka jana alichomwa sindano hapahapa, akavimba shingo na macho. Nusura tumzike. Jina la dawa silijui, mwanangu. Wazazi wake wako safarini."

Wakapiga simu ya wazazi. Haikupatikana. Daktari akamvuta mama pembeni, lakini Bisibisi alisikia kila neno.

"Tuna aina mbili tu za sindano za kifua. Moja itamsaidia, nyingine inaweza kummaliza, na mimi sijui ipi ni ipi. Hospitali kubwa ni mwendo wa saa tatu kwa gari. Hana saa tatu huyu. Nifungulie hiyo rejesta."

Fundi wa kompyuta aliitwa, naye akafika akiwa amelowa, maana mvua ilishaanza. Alikuwa dada mwembamba ambaye watu walimwita Fundi Taratibu. Aliweka mkoba wake mezani, akaitazama mashine kwa muda.

"Kuna mtu aliyeigusa?"

Mama akamgeukia Bisibisi. Bisibisi akatikisa kichwa kukataa.

Fundi akaingia kwenye mipangilio ya kuwashia, akakunja uso. "Diski ya kwanza ni tupu kabisa. Kama haikuguswa na mtu, basi ama inakufa, ama kuna kirusi kinachofuta. Kama ni kirusi, hata hii kubwa siwezi kuiwasha. Kinaweza kuila nayo. Itabidi niipeleke karakana. Siku mbili, tatu."

"Siku tatu!" Bibi alikaa kwenye benchi, akampakata mjukuu wake.

Fundi akaanza kuchomoa nyaya. Sauti ya koo la mtoto ikapungua, na kule kupungua kuliwatisha kuliko kelele yenyewe. Bisibisi alitazama midomo ya yule mtoto. Ilikuwa inaanza kuwa ya rangi ya majivu. Akapiga moyo konde.

"Usiipeleke! Hakuna kirusi. Ni mimi. Niliifuta jana ile ndogo, nilitaka nafasi ya mchezo."

Bisibisi hakuthubutu kumwangalia mama yake.

"Ile kubwa uliigusa?" fundi aliuliza.

"Hapana. Kweli tena, sikuigusa."

"Basi rejesta ipo. Ulichofuta ni programu ya kuwashia. Ilikaa kwenye diski ndogo, na ndiyo iliyokuwa ikiamsha mifumo yote miwili."

Akaichomoa diski ndogo isije ikamchanganya. Akachomeka flashi, akaiwasha mashine kwa mfumo uliokuwa humo, kisha akaandika programu mpya ya kuwashia kwenye diski kubwa. Akazima. Akawasha.

Kioo cheusi.

"Mungu wangu," alinong'ona mama.

"Bado inatafuta diski niliyoichomoa," alisema fundi. Akarudi kwenye mipangilio, akaiweka diski kubwa iwe ya kwanza. Akawasha tena. Feni ikavuma, kioo kikabaki cheusi muda mrefu, kisha kikajaa mwanga.

Mama alitafuta jina la mtoto. Akasoma kwa sauti jina la dawa iliyomdhuru mwaka jana. Daktari akainamisha kichwa, akatoa bomba la sindano kwenye trei aliyokwisha kuiandaa, akalitupa. Ndiyo dawa hiyohiyo aliyokuwa akitaka kumchoma.

Akaandaa nyingine. Kufikia adhuhuri mtoto alikuwa amelala mapajani mwa bibi yake, akipumua vizuri.

"Nanyi wakubwa," fundi alisema akifunga mkoba, "rejesta nzima mnaiweka mahali pamoja, bila nakala? Leo hii naweka nakala."

"Umesema kweli," alijibu mama. Kisha akamketisha Bisibisi mbele yake. "Kufuta ulifuta kwa kutojua. Hilo nimekusamehe, ingawa hutagusa tena mashine ya kazi bila ruhusa. Lakini uliulizwa mara mbili, mara mbili ukakataa. Mgonjwa akinificha alichomeza, namtibu ugonjwa asiokuwa nao. Fundi naye ni hivyohivyo. Alikuwa anatafuta kirusi ambacho hakipo, na mtoto anakata pumzi. Ukikosea, sema mapema, wakati bado kuna la kufanya."

"Nisamehe, Mama."

"Si mimi wa kuombwa radhi kwanza."

Bisibisi akainuka, akaenda kwenye benchi, akapiga magoti mbele ya bibi na kumweleza yote, bila kuruka neno.