Liberatus Anaacha Sigara

Faustina na mdogo wake Liberatus wanatoka Ilula. Wote wawili walisoma chuo kimoja Mbeya. Walipanga vyumba viwili vilivyopakana, karibu na Mwanjelwa. Kila asubuhi Faustina alichemsha chai na kumwita mdogo wake. Liberatus hakutaka chai. Alitaka sigara.

Alianza kuvuta mwaka wa kwanza, wakati wa mitihani. Wenzake walimwambia sigara inafukuza usingizi na mawazo. Mitihani ikaisha, sigara zikabaki.

Faustina alisema hadi akachoka. Alisema kwa upole. Alisema kwa ukali. Alinuna siku tatu. Kila Jumapili, wakitoka kanisani, Liberatus aliahidi kuacha kesho yake. Kila Jumatatu saa nne alikuwa nyuma ya kantini, anavuta.

"Dada, chumbani navutia dirishani," alijitetea. "Moshi unaenda nje."

Faustina alikuwa na pumu tangu utotoni. Mwezi wa saba baridi ilizidi, wakafunga madirisha. Asubuhi moja aliingia chumbani kwa Liberatus kumwamsha. Alimkuta macho, anavuta, na moshi umejaa. Kifua cha Faustina kikabana. Alivuta dawa yake ya pumu, haikutosha. Hakuweza hata kusema. Liberatus alimkimbiza kituo cha afya kwa bajaji.

Muuguzi Damari alimtibu. Faustina alipotulia, Damari alimgeukia Liberatus, maana koti lake lilinuka sigara. Alimweleza kwamba moshi ni sumu hata kwa asiyevuta, na kufungua dirisha hakutoshi.

"Lakini bila sigara nahangaika," Liberatus alisema.

"Unahangaika kwa sababu mwili umezoea nikotini," Damari alijibu. "Ukivuta, unatulia kidogo. Halafu unahangaika tena. Sigara inatuliza shida iliyoileta yenyewe. Hamu ikija, kunywa maji, tembea. Subiri dakika chache, itapita."

Alimshauri achague siku ya kuacha, awaambie wenzake, na asiende wanapovutia. Ale asubuhi, alale vya kutosha. Akiteleza, asikate tamaa. Arudi kituoni.

Liberatus aliacha kesho yake, lakini siku ya tano aliteleza. Faustina alinusa moshi, akaketi mlangoni. Liberatus mwenyewe ndiye aliyesema, "Twende kwa Damari." Faustina akavaa viatu.

Wiki zilizofuata zilikuwa ngumu. Liberatus alikuwa mkali kwa kila mtu. Alitafuna karanga kutwa. Lakini hakuvuta tena.

Desemba walirudi Ilula kumsaidia mama yao, Apolonia, kuuza nyanya. Shamba liko bondeni, barabara iko juu. Likizo iliyopita Liberatus alisimama njiani mara tatu, akikohoa. Safari hii alibeba tenga la nyanya hadi barabarani bila kupumzika. Mama akamsifu mbele ya majirani.

"Mama, usimsifu sana," Faustina alisema. "Amenichosha mwaka mzima."

Lakini alikuwa anacheka, na alipumua vizuri.