Oili ya Chupa

Kila asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mashamba ya mpunga ya bondeni, Miangaly alifunua boneti ya teksi ya baba yake na kuchomoa kijiti cha kupimia oili. Alikipangusa kwa kitambaa, akakirudisha, akakichomoa tena na kutazama alama. Halafu alitazama maji na kubonyeza matairi kwa kidole gumba, kama mtu anayechagua parachichi sokoni. Akishamaliza ndipo aliporuhusiwa kuingia ndani kunywa chai na vitumbua vya moto vya mama yake.

Teksi yenyewe ilikuwa katreli, gari dogo la Kifaransa lililomzidi mama umri. Rangi yake ya maziwa ilikuwa imebabuka kila mahali, na mlango mmoja wa nyuma ulifungwa kwa waya. Baba, aliyeitwa Solofo, alilinunua mwaka uliopita, baada ya miaka mingi ya kuendesha gari la mtu na kumpelekea tajiri hesabu kila jioni. Madereva wenzake wa hapo Antananarivo walimtania kijiweni.

"Solofo, hilo gari umenunua au umerithi?"

"Cheka tu," alijibu. "Spea za hili zinauzwa kila kona. La kwako likiumwa, unasubiri meli."

Baba alikuwa mbahili wa kupendeza. Petroli yake ilikaa kwenye chupa kubwa ya plastiki karibu na injini, kama ilivyo kwa teksi nyingi za mji ule, naye aliinunua lita moja moja, abiria akishapatikana. Hakubeba mzigo usio na kazi. Na kila alipofika kilele cha mlima, alizima injini na kuliacha gari lishuke lenyewe juu ya barabara ya mawe.

"Unasikia?" alimwuliza Miangaly.

"Sisikii kitu, Baba."

"Basi hiyo ndiyo sauti ya petroli inayobaki kwenye chupa."

Miangaly alimpenda sana baba yake, lakini gari lile lilimtia aibu. Siku moja mwanafunzi mwenzake, Njaka, alimwuliza mbele ya darasa zima kama teksi yao inaumwa upele. Darasa lilicheka mpaka mwalimu akagonga meza. Tangu siku hiyo Miangaly aliomba kushushwa kwenye kona ya muuza mikate, mbali na lango la shule. Baba alimshusha pale bila kuuliza sababu, kwa kuwa alikuwa ameielewa.

Juu ya kabati nyumbani palikuwa na kopo la maziwa lililotobolewa mfuniko. Humo baba aliweka akiba ya kupaka gari rangi kabla ya sikukuu ya uhuru. Kila jioni Miangaly alilitikisa kopo kusikiliza uzito wake. Lilijaa taratibu mno, na sikukuu ilikuwa inakaribia.

Ijumaa moja baba alimpa fedha na dumu tupu. "Ukitoka shule pitia kituo cha mafuta, ninunulie oili ya injini. Jumapili tukitoka kanisani nitaibadilisha."

Njiani kutoka shule Miangaly alikatiza soko la bondeni. Hapo, kati ya muuza asali na muuza mishumaa, alikaa bwana mmoja aliyepanga chupa za oili juu ya gunia. Kila kitu sokoni pale kiliuzwa kwa chupa, na chupa za bwana yule zilimetameta vizuri juani.

"Oili bei gani?" Miangaly aliuliza, na bwana yule akamtajia bei. Ilikuwa nusu ya bei ya kituoni.

"Mbona rahisi hivyo?"

"Binti, kule unalipia taa za umeme na sare ya mhudumu. Hii ni oili ileile. Imechujwa, imetulia, inakusubiri wewe tu."

Miangaly alisita kidogo. Kisha akafikiria kopo la maziwa, akafikiria rangi mpya, akafikiria uso wa Njaka. Alimpa bwana yule dumu lake, likajazwa. Jioni ile fedha iliyobaki aliitumbukiza kwenye kopo, na usiku alilala akitabasamu. Alijiona mtoto mwenye akili kuliko wote mtaani.

Jumapili baba alimwaga oili ya zamani na kumimina ile mpya. Akasimama, dumu likiwa bado limeinama mkononi.

"Hii mbona nyepesi hivi? Na baridi yote hii, si ingekuwa nzito?"

Miangaly aliinama kuokota kitambaa. "Ndivyo walivyonipa," alisema.

Hakuwa amesema uongo, alijiambia. Lakini jioni ile hakulitikisa kopo.

Jumatano asubuhi walipata abiria mapema, bibi mmoja aliyevaa shali nyeupe, aliyekuwa akienda juu mjini kumtembelea dada yake. Wakaanza kupanda. Katikati ya mlima injini ikaanza kugonga, ngo, ngo, ngo, mithili ya mtu anayebisha hodi kwa hasira. Taa nyekundu ikawaka mbele ya usukani. Baba akazima injini papo hapo na kuvuta breki ya mkono.

"Tumefika?" bibi aliuliza.

"Hapana, mama. Gari limekataa. Samahani sana."

"Basi nusu ya safari, nusu ya nauli," bibi alisema, akalipa, akashuka na kuendelea na mlima wake kwa miguu bila haraka.

Baba aligeuza gari kwa kulisukuma, Miangaly akisaidia kwa nyuma, wakateremka kimyakimya mpaka gereji ya Fundi Ralita, chini kabisa ya mlima. Safari hii baba hakumwuliza kama anasikia kitu.

Ralita alikuwa mtu mnene mwenye sauti ndogo. Aliwasha injini kwa muda mfupi sana, akainamisha kichwa kusikiliza, akazima.

"Inagonga kutoka chini," alisema. "Inaweza kuwa pampu ya oili, au vyuma vya ndani vimelika. Siwezi kujua mpaka niishushe injini na kuifungua yote."

"Kazi ya siku ngapi?"

"Wiki, kama spea zote zipo. Na Solofo, sitakudanganya, utatoa fedha nyingi."

Baba aliketi juu ya tairi kuukuu. "Sina fedha hiyo," alisema. "Itabidi niliuze kama lilivyo, nirudi kwa tajiri kuomba gari."

Miangaly alikuwa amesimama na mkoba wake wa shule kifuani. Alikumbuka jioni za zamani, baba akirudi akiwa hana hata neno, hesabu ya tajiri imemaliza kila kitu. Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemwona sokoni. Lakini fundi alikuwa tayari ameshika spana, na machozi yalimtoka kabla ya maneno.

"Baba, ile oili sikuinunua kituoni. Niliinunua sokoni, ya chupa. Fedha iliyobaki niliitia kwenye kopo, ya rangi."

Baba aliinua kichwa. Fundi Ralita aliweka spana chini, akachomoa kijiti, akasugua oili kati ya vidole viwili na kuinusa.

"Hii si oili," alisema. "Hii ni maji yaliyowahi kupita jirani na oili. Wameichuja iliyokwisha kutumika, wakaichanganya na mafuta ya taa. Binti, umesema wakati mzuri. Tuimwage hii, tubadilishe chujio, tutie oili nzuri, kisha tuisikilize. Kufungua baadaye, ikibidi."

Baba alikwenda nyumbani kwa miguu na kurudi na fedha za kopo. Oili mpya ilipoingia, nzito kama asali, Ralita aliwasha. Injini iligonga. Ikagonga tena, kidogo. Taa nyekundu ikazimika, na kule kugonga kukapungua mpaka ikabaki sauti ya katreli waliyoizoea, ile ya cherehani. Miangaly akaweka mkoba wake chini.

"Mngekaza kupanda mpaka juu," Ralita alisema, "sasa hivi ningekuwa naokota vipande."

Baba alimwita Miangaly akae naye juu ya lile tairi. Hakupaza sauti.

"Nani alikufundisha kupunguza gharama hivi?"

"Wewe," Miangaly alisema kwa sauti ndogo.

Pengine baba alitaka kukasirika, lakini alishindwa. "Ni kweli. Lakini nilikufundisha nusu. Sikiliza, mwanangu. Nilinunua gari kuukuu kwa sababu kulitengeneza ni rahisi. Sibebi mzigo wa bure. Huko ni kuokoa fedha. Ila kitu kinacholifanya gari liishi, na kinachotufanya sisi tuishi tukiwa ndani yake, hicho hatukipunguzi hata siku moja. Na ukikosea, uniambie mapema, likiwa bado kosa dogo. Leo ukweli wako umetuokolea gari."

"Maneno mazuri kabisa," Fundi Ralita alisema kutoka upande wa pili wa gari. "Njoo basi uyarudie hapa."

Alikuwa amechuchumaa mbele ya gurudumu, akipitisha kiganja juu ya tairi. Lilikuwa laini kama sahani.

"Unazima injini mlimani, wakati injini ndiyo inayokusaidia kulizuia gari, halafu unateremka juu ya mawe yenye umande kwa matairi haya. Na mtoto yumo ndani. Kisha unaweka akiba ya rangi?"

Baba alimtazama binti yake, na wote wawili wakatazama chini. Kisha baba akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekamatwa.

"Matairi bei gani, fundi?"

Sikukuu ilipofika, fataki zikapigwa juu ya ziwa la katikati ya mji na watoto wakazunguka na taa zao za karatasi, katreli ilikuwa bado imebabuka vilevile. Lakini ilisimama juu ya matairi mapya, meusi, yenye meno. Na mlimani haikuteremka tena kimya. Injini ilinguruma njia nzima mpaka bondeni.

Siku shule ilipofunguliwa, baba alipunguza mwendo kwenye kona ya muuza mikate kama kawaida.

"Endelea, Baba," Miangaly alisema. "Nishushe langoni."

Njaka alikuwepo pale na wenzake. "Miangaly, upele bado haujapona?"

"Bado," alijibu, akafunga mlango kwa waya, taratibu, bila haraka. "Njoo ubonyeze matairi."