Mchumba Aliyemwonea Haya Nusra

Stesheni ya treni ya Liverpool, huko ughaibuni, ilifurika watu waliotoka kazini. Nusra, baibui jeusi na mtandio wa rangi ya embe, alikuwa amekumbatia ufagio wa njiti na ndoo ya bati.

"Dada, kwani treni ni chafu hivyo?" akatania kijana mmoja aliyevaa sare ya unesi.

"Nafagia jukwaani, kaka, kwenye mchezo wa kuigiza. Njoo uone, ukate tiketi!"

Kijana akacheka. Ni Imad, mtoto wa Mombasa. Treni ilipofika kituo cha Lidcombe walikuwa wameshapeana namba.

Miezi mitatu simu hazikupoa.

"Umekula, laazizi?"

"Nimekula, ila sijakuona."

Mchezo wenyewe ulikuwa wa Kihindi, wa siku hizi. Nusra alikuwa Kamla, mwanamke wa Kidalit, tabaka la watu wanaotengwa hata kisimani. Kazi yake kuzoa vinyesi vya watu wasiotaka kivuli chake kiwaguse. Michezo mingi humliza mwanamke kama huyo ili ahurumiwe. Kamla halii. Anadai.

Zilipobaki siku mbili mchezo uonyeshwe, Imad akapiga.

"Mpenzi, mama anakuja Jumamosi kukuona kabla ya posa. Mwachie mwenzako nafasi ile ya Kamla."

"Kwa nini?"

"Mkwe akutwe na ndoo ya choo? Watu watasema nini?"

"Watu gani?"

Nusra akakata simu. Wasichana, hapo ndipo pa kushtuka: anayekuomba ujifiche leo, kesho atakufungia mlango.

Jumamosi Kamla alichutama jukwaani, sari imechakaa. Mwenye nyumba akammiminia maji viganjani kutoka juu, kama desturi yao, asije akamgusa. Kamla akayaacha yamwagike. Akasimama, akachukua gilasi ya mwenye nyumba huyo mezani, akanywa yote huku akimtazama machoni. Ukumbi mzima ukainuka kupiga makofi.

Nje, Imad akaja na maua, nyuma yake mama yake, Bi Suad.

"Shikamoo, mama," Nusra akasema.

"Marahaba, mwanangu."

"Nisamehe, laazizi," Imad akanong'ona. "Posa tulete lini?"

"Mwambie mama kwanza ulichoniomba kwenye simu."

"Nusra, jamani..."

"Mwambie, au maua rudi nayo."

Akamwambia, kichwa chini. Bi Suad akampandisha na kumshusha mwanawe kwa macho.

"Aibu hiyo ni yako, usinisingizie mimi!" Akamgeukia Nusra. "Mwanangu, huyu ndiye unayemtaka?"

"Bado sijajua, mama. Jumamosi ijayo tunacheza tena. Awaite wenzake wa kazini, awaambie mimi ni nani."

Imad akatoa simu palepale.

"Kiprono? Jumamosi uje, mchumba wangu anaigiza... Ndiyo, mfagia vyoo. Mchezo mzima ni wake!"