Maji ya Sabuni Nyuma ya Nyumba

Kila siku alipotoka shuleni, Danitza alikula chakula cha mchana haraka haraka, kisha akaenda uani kumsaidia mama yake. Mama huyo, Rufina, alifua nguo za watu wa mjini, na ilipofika saa nane mabeseni yake yalikuwa yamejaa maji machafu yenye povu. Kazi ya Danitza ilikuwa kuyashusha maji hayo kwa ndoo hadi kwenye mfereji wa mtaa, chini kabisa ya ngazi za saruji. Ngazi zilikuwa sitini na mbili. Ndoo zilikuwa sita, na siku nyingine nane.

"Usimwage hata tone hapa juu," mama yake alizoea kumwambia. "Mlima huu ni udongo mtupu, na chini yetu wanakaa watu."

Danitza alikuwa na miaka kumi na miwili. Katika mtaa wa Alto Retamas, uliong'ang'ania mlimani juu ya jiji la La Paz, kila mtoto alijua kupanda na kushuka akiwa na mzigo, na yeye hakuwa mvivu kuliko wengine. Lakini mwezi wa Septemba wenzake walianza kucheza mpira wa wavu kila alasiri, na kila siku yeye ndiye aliyefika wa mwisho, mikono ikiuma, timu zikiwa zimeshajaa. Siku moja mama yake alipoingia ndani kupiga pasi, Danitza aliizunguka nyumba na kumwaga ndoo ya kwanza kwenye kona ya nyuma, penye majani makavu. Ardhi iliyanywa maji yote papo hapo. Kesho yake alimwaga mbili. Baada ya wiki moja alikuwa hashuki ngazi hata kidogo, na kwenye mpira alifika wa kwanza.

Chini ya kona ile ndipo palipokuwa na nyumba ya doña Eustaquia, yaani Bi Eustaquia. Alikuwa mjane, naye alizoea kumwita Danitza "mjukuu wangu". Kwa miaka tisa aliuza mikate na uji wa moto wa mahindi barabarani, alfajiri, kwenye baridi inayopasua midomo, mpaka akaweza kujenga chumba cha matofali ubavuni mwa nyumba yake ili auzie humo. Fundi Hilario Choque ndiye aliyemjengea. Siku ya kuweka msingi majirani wote walikuja kubeba mawe, na kabla ya jiwe la kwanza walimzikia Pachamama, Mama Ardhi, sadaka yake, kama inavyofanyika kwa kila nyumba ya huko. Danitza naye alikuwepo. Alibeba kokoto pamoja na Mabel, binti wa fundi, ambaye darasani walikaa dawati moja.

Mwezi wa Februari, mvua zikiwa zimepamba moto, ufa ulitokea kwenye ukuta wa nyuma wa chumba kile. Mwanzoni ulikuwa mwembamba kama uzi. Baada ya siku chache dirisha likakataa kufunga, na sakafu ya upande mmoja ikazama. Danitza alipozisikia habari za ufa huo alikwenda nyuma ya nyumba yao na kutazama chini. Ufa ulikuwa umelingana kabisa na kona aliyokuwa akimwagia maji. Kuanzia siku hiyo alianza tena kushusha ndoo ngazi zote sitini na mbili, wala hakuambiwa na mtu. Lakini hakusema neno.

Jumapili mwenyekiti wa mtaa, don Ponciano, aliitisha mkutano. Watu walisimama na miavuli yao, na Fundi Hilario alisimama katikati bila mwavuli. Mwenyekiti alimwuliza ilikuwaje chumba cha mwaka mmoja kipasuke wakati nyumba za zamani zimesimama. Mtu mmoja akasema labda sadaka ya msingi ilikuwa haba. Mwingine akasema si sadaka iliyopungua, ni saruji.

"Kila mfuko alioununua doña Eustaquia uko chini ya ukuta wake," alijibu fundi. "Chimbeni mwone."

Hakuna aliyetaka kuchimba kwenye mvua. Rufina, aliyempenda sana jirani yake, alishindwa kujizuia.

"Umeona mjane ndiye wa kumwibia," alisema mbele ya watu wote. "Ulijua hana mwanamume wa kumhesabia mifuko."

Danitza alikuwa amesimama kando ya mama yake, amemshika mkono. Akatazama viatu vyake.

Siku hiyo hiyo mkutano ulimnyang'anya Hilario kazi ya kujenga msingi wa ukumbi wa mtaa, kazi aliyokuwa ameahidiwa tangu Krismasi, ukampa fundi wa mtaa mwingine.

Shuleni habari zilifika kabla ya kengele ya Jumatatu. "Mabel, baba yako ana tumbo gumu kweli," kijana mmoja alimwambia. "Amekula saruji yote ile, na bado anatembea!" Darasa zima likacheka. Mabel hakulia. Alisubiri mpaka mapumziko, kisha akamgeukia Danitza.

"Na wewe unaamini kwamba baba yangu ni mwizi?"

Danitza alilijua jibu la kweli. Alifungua daftari lake.

"Sijui," alisema.

Mabel alikusanya madaftari yake, akahamia dawati la nyuma.

Wiki tatu zilipita hivyo. Kazi zilimkaukia Hilario mtaani, na ikasikika kwamba anataka kwenda mji wa Santa Cruz, mbali kabisa na familia yake, akatafute kibarua. Doña Eustaquia aliambiwa na kila mtu ahame chumba kile, lakini aligoma. Alisema amekaa barabarani miaka tisa na harudi tena huko. Kama chumba kitaanguka, basi kimwangukie yeye mwenyewe aliyekihangaikia.

Jumamosi asubuhi Rufina alimtuma Danitza ampelekee bibi huyo bakuli la supu ya viazi vikavu. Danitza alimkuta ameketi chini ya ukuta uliopasuka, akikanda unga. Sasa ngumi iliweza kuingia kwenye ufa. Alipokuwa akipokea bakuli, bonge la lipu lilibanduka na kuanguka baina yao, na vumbi lake likatua juu ya supu. Doña Eustaquia alilitoa kwa kijiko, akaanza kunywa.

"Mwambie mama yako ahsante," alisema. "Nyinyi ndio majirani mlionibakia."

Danitza alipanda mbio. Alimkuta mama yake ameinama kwenye beseni, akamwambia yote, tangu ndoo ya kwanza. Rufina alibaki ameshika shati la mtu, maji yakimchuruzika. Hakumpiga. Danitza alitamani ampige.

"Twende," Rufina alisema tu.

Walikwenda kwanza kumtoa doña Eustaquia, na safari hii Rufina hakumbembeleza. Alimbebea godoro na kumwambia atalala kwao. Kisha wakaenda kwa Hilario. Begi lake lilikuwa limefungwa mlangoni. Rufina alimsukuma binti yake mbele, na Danitza akasema yote kwa mara ya pili, huku Mabel akisikiliza akiwa amesimama nyuma ya baba yake. Hilario alichukua sururu na sepeto, akatoka.

Alichimba kando ya ukuta uliopasuka, watu wakaanza kukusanyika mmoja mmoja. Sururu iligonga zege la msingi ikadunda. Lilikuwa gumu, zima, halina hata ufa. Akachimba chini yake zaidi, na hapo mkono wake ukazama mpaka begani. Udongo wote ulikuwa umechukuliwa na maji, na kilichobaki kilikuwa tope la kijivu linalonuka sabuni. Alimpa don Ponciano bonge lake mkononi. Mwenyekiti alilinusa, akavua kofia. Aliomba radhi kwa maneno machache, lakini kazi ya ukumbi ilikuwa imeshaanza, na hakuna aliyethubutu kuitaja.

Matengenezo yalichukua karibu mwezi mzima. Hilario na majirani waliegemeza ukuta kwa magogo, kisha wakachimba chini ya msingi kipande kwa kipande, si zaidi ya mita moja kwa wakati, wakijaza mawe na zege na kungoja ligande kabla ya kugusa kipande kingine. Nyuma walichimba mtaro wa kokoto wa kupitisha maji kando. Nyumba ilipona. Lakini ukuta wa nyuma wa chumba cha biashara haukuokoka. Ilibidi uvunjwe, na doña Eustaquia akarudi barabarani na birika lake mpaka apate matofali mengine. Hakuwahi kumkaripia Danitza. Alimsalimia kama zamani, ila hakumwita tena "mjukuu wangu".

Kila alasiri Danitza alibeba mawe. Siku ya mwisho, wakiwa wanafukia mtaro, alimwomba fundi msamaha kwa sauti ndogo, akamwuliza kama Mabel atarudi kukaa naye.

Hilario aliegemea sepeto.

"Hilo kamwulize Mabel," alisema. "Mimi nitakwambia la kwangu. Maji nimekusamehe. Mtoto anachoka, ndoo ni nzito, na hukujua yanakokwenda. Lakini siku ya mkutano ulijua. Ungesema siku ile, tungeizuia mvua isifuate njia ya ndoo zako, na kulijaza shimo kwa siku chache, likiwa bado dogo. Ulinyamaza wiki tatu, na wiki hizo tatu nimezibeba mimi, na mwanangu, na bibi yule. Ukikosea, sema mapema, wakati kosa bado ni dogo na ni lako peke yako. Ukichelewa, wenzako ndio wanaolilipa, na hata ukisema baadaye, si kila kitu kinarudi."

Danitza aliitikia kwa kichwa. Jumatatu alimwuliza Mabel. Mabel alifikiri kidogo, akasema bado, akaendelea kuandika.