Kiti cha Kushoto

Jua lilikuwa linakaribia kuzama tulipokwenda kuliangalia gari la tatu, mimi na fundi Masele. Mawili ya kwanza tulikuwa tumeshayakataa tangu asubuhi, pale mjini, Kashaulili. Datsun ya karani mmoja ilikuwa safi, lakini tumbo lake lilikuwa chini mno kwa mawe ya kwetu Mwese. Ya pili, Kotina nyekundu, ilikuwa na raha kuiendesha, nakiri, ila Masele aliniuliza swali moja tu: "Ikikufia kule milimani, spea utachimba ardhini?" Nikaachana nayo.

Huyo ndiye Masele. Msukuma mwenye mdomo mchungu na mikono mizuri. Injini aliisikiliza kwa bisibisi, ncha juu ya chuma, mpini sikioni, macho kafumba. Akikwambia gari ni bovu, hata mwenye gari hakubishana naye.

Mimi ni Apolinari. Mwaka ule wa sabini na sita nilikuwa nanunua asali na nta vijijini na kuziuza mjini, na sikutafuta gari la kujivunia. Nilitaka gari la saizi ya kati, lenye nafasi ya mtu kujilaza nyuma, lisilogoma. Mke wangu Pelagia alikuwa na mimba ya miezi saba. Mimba iliyotangulia ilitukuta njiani. Lori lilikwama korongoni, mvua inanyesha, na mtoto akazaliwa juu ya magunia ya mahindi.

Hakulia.

Tulikaa naye mpaka asubuhi tukingoja trekta. Tangu siku ile kitu fulani ndani yangu kilikufa ganzi. Sikulia msibani, sikucheka harusini. Watu walisema nimekuwa na moyo mgumu. Haukuwa ugumu. Nilikuwa sisikii kitu, basi.

Gari la tatu lilikuwa ng'ambo ya stesheni, kwenye nyumba ya marehemu Evarist, dereva wa treni mstaafu aliyekufa wiki tano nyuma. Lilikuwa Pijo 404, rangi ya maziwa, chini ya kibanda cha bati. Mjane wake, Mama Romana, alikuwa amekaa kwenye kizingiti na kaniki kichwani. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa pale. Hata kuku hawakuwepo.

"Karibuni, wanangu," alisema. "Mmefuata gari."

"Ndiyo, mama. Pole na msiba."

"Bado haujaisha."

Masele akafungua boneti. Akapima oili, akapapasa mikanda, akaniambia niingize mkono niwashe. Injini iliitika mara moja. Alisikiliza kwa bisibisi yake muda mrefu, mrefu kuliko alivyosikiliza zile nyingine mbili kwa pamoja. Kisha akaniashiria nizime, akanivuta pembeni.

"Mashine hii haina kosa," alinong'ona. "Sijapata kusikia injini imetulia namna hii."

"Sasa mbona umenuna?"

"Mama anasema imekaa wiki tano bila kuwashwa."

"Ndiyo."

"Apolinari... nilipoigusa, kabla hujawasha, ilikuwa na joto."

Nikamwambia ni bati, limeshinda juani. Alifuta mikono yake kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Nyie watu wa huku mna mambo yenu," alisema mwishoni. "Muulize huyo mama. Jina la mzee limesharithiwa?"

Niseme jambo hili kwa wasiolijua. Kwetu mtu akifa, matanga hayaishi mpaka jina lake lipate mtu. Mrithi anakalishwa kwenye kigoda cha marehemu, anapakwa unga kwenye paji la uso, anaitwa mara tatu kwa jina la marehemu. Akiitika zote tatu, imekwisha. Vitu vya marehemu ni vyake, na marehemu naye amepata pa kukaa. Kabla ya hapo kitu cha marehemu hakiuzwi. Nililijua hilo vizuri. Baba yangu mdogo alirithi jina mbele ya macho yangu, na tangu siku ile akaacha kunywa chai, kwa sababu mwenye jina hakuwa akinywa chai. Tulimcheka sana.

Nililijua, lakini nilikuwa nafikiria lile korongo. Sikuuliza.

Nikafungua mlango wa kulia nikakaa kwenye usukani. Kulikuwa na vumbi jeupe juu ya kiti, nikalipangusa kwa mkono. Ndani mlinuka tumbaku ya kiko. Si harufu ya zamani. Ilikuwa mbichi.

"Evarist."

Mama Romana alikuwa amesimama dirishani. Nikaona ni ulimi wa mjane, umezoea. Kumsahihisha kungekuwa kumtonesha kidonda, na mtu aliyelelewa vizuri hafanyi hivyo.

"Naam, mama," nikaitika.

Aliingiza mkono, akanifuta paji la uso kwa kidole gumba.

"Una jasho, mwanangu. Twende ulijaribu. Mimi nakaa nyuma, ndivyo nilivyozoea."

Masele alikataa kupanda. Alisema atatungoja pale pale. Kiti cha kushoto kikabaki kitupu.

Tukashika barabara inayotoka mjini. Na hapa lazima niseme ukweli: lile gari lilikuwa tamu. Gia ziliingia zenyewe, usukani ulikuwa mwepesi, na kwenye matuta ya barabara lilielea tu, bila kutikisa mifupa. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili nilihisi kitu kifuani. Kilikuwa kidogo, lakini kilikuwepo. Nilikuwa nafurahi. Giza lilikuwa linaanza kuingia miomboni, nikawasha taa, nikaongeza mwendo.

"Punguza..."

Ilikuwa sauti ya chini, karibu kabisa na sikio langu.

"Punguza. Kuna shimo."

Nikakanyaga breki. Mbele yetu, hatua tatu hivi, barabara ilikuwa imekatika kwa shimo la kumeza gurudumu zima. Nikalizunguka polepole.

"Asante, mama."

"Sijasema kitu."

Nikatazama kwenye kioo. Mama Romana alikuwa ameegemea nyuma, mikono mapajani, midomo imefungwa.

Kriii...

Ilikuwa springi ya kiti cha kushoto. Ngozi ya kiti ilianza kubonyea, taratibu, kama pale mtu mzito anapokaa. Ikatulia. Harufu ya kiko ikajaa gari zima.

Ningefungua mlango nikaruka, mpaka leo ningekuwa mtu kamili. Ninajua hivyo. Lakini sikuogopa. Nilitafuta woga ndani yangu nisiupate, kwa sababu ulikuwa umezikwa pamoja na mtoto. Nikaendelea kuendesha. Jambo hilo ndilo ninalojilaumu mpaka sasa, kuliko kila kitu.

"Wanunuzi wawili waliokutangulia walishukia hapa hapa," Mama Romana alisema kutoka nyuma, kwa upole. "Mmoja aliacha kiatu. Kipo huko chini ya kiti, kama kinakutosha."

Nikabadili gia.

"Evarist."

"Naam," nikaitika. Mdomo ulijibu wenyewe, mimi nikiwa natazama barabara.

Tuligeuza. Njia nzima ya kurudi ile sauti iliniongoza. Kona. Jiwe. Mchanga, shika kati. Haikukosea hata mara moja. Nikaanza kuingoja kabla haijasema.

Tulipofika kibandani, mjane alishuka akasimama tena dirishani.

"Evarist, zima gari."

"Naam."

Nikazima. Ndipo nilipogundua kwamba nimeitika mara ya tatu.

Mama Romana alishusha pumzi ndefu. Akafungua ile kaniki kichwani, akaikunja mara mbili, akaiweka juu ya boneti. Nywele zake zilikuwa zimeshanyolewa.

"Wewe umezunguka tangu asubuhi unachagua gari," alinong'ona. "Na mimi nimekaa hapa wiki tano nachagua mtu. Alikataa kuondoka. Usiku alikuwa anakuja kulala garini. Sasa ana pa kukaa... Nenda nalo, mwanangu. Halitakuangusha."

Masele alikuja na tochi. Alinimulika usoni, akarudi nyuma hatua mbili.

"Paji lako," alisema.

Nikajitazama kwenye kioo. Unga. Mstari mmoja mweupe, wa upana wa kidole gumba. Na lile vumbi la kwenye kiti lilikuwa limenijaa kwenye suruali.

"Mrudishie ufunguo," Masele alisema. "Tafadhali, Apolinari. Twende hata kwenye ile Datsun."

"Datsun haivuki korongo," nikamjibu.

Alichukua bisibisi yake akaondoka kwa miguu. Hatukuzungumza tena, mimi na yeye. Nilimkumbuka sana baadaye, maana ndiye mtu wa mwisho aliyeniita kwa jina langu akinitazama machoni.

Nililichukua lile gari. Ukiniuliza kwa nini, nitakwambia bila kuficha: ile sauti iliijua barabara, na mimi nilitaka mtoto aliye hai.

Uchungu ulimshika Pelagia mwezi wa kumi na mbili, mchana, mvua ikiwa inamwagika tangu asubuhi. Nilimlaza kiti cha nyuma tukaanza kushuka milima ya Mwese. Barabara haikuonekana. Nilisikia sauti tu. Kushoto. Punguza. Shika kingo. Pale korongoni maji yalikuwa yanapita kwa kishindo, mekundu, na yalikuwa yanabeba magogo.

Ni pale pale lori lilipokwama. Nilipatambua kwa jiwe moja kubwa la ukingoni.

"Ngoja..." ilisema sauti. "Ngoja... Bado... Sasa."

Tukavuka.

Tulifika hospitali mjini taa zinawashwa. Nilisimama nje ya mlango, nimelowa. Kisha nikamsikia mtoto akilia. Alilia kwa nguvu, kwa hasira, kama mtu aliyecheleweshwa. Nikangoja nifurahi. Nikangoja sana.

Nesi akatoka na karatasi.

"Hongera, msichana. Jina la baba?"

"Evarist," nikasema.

Nilitaka kurekebisha. Nilifungua mdomo. Nesi alikuwa ameshaandika, akageuka akaenda zake.

Pelagia alikuwa amelala upande, mtoto kifuani. Uso wake ulikuwa umechoka na ulikuwa unang'aa. Aliniona, akatabasamu.

"Yule mzee yuko wapi?" aliniuliza.

"Mzee gani?"

"Aliyetuendesha. Nataka nimshukuru. Mkono wake mtulivu, sijapata kuona."

"Niliyeendesha ni mimi, mke wangu."

Alinitazama kwa huruma, akanishika mkono.

"Wewe ulikaa kushoto. Ulikuwa unamnong'oneza. Punguza, kuna shimo. Njia nzima."

Nikamwambia ni uchungu, mtu akiwa kwenye uchungu anaona mengi. Lakini nilitazama viganja vyangu. Nilijaribu kukumbuka usukani, ule wembamba wake, ule ubaridi. Sikukumbuka. Nilikumbuka maji, jiwe, na mkono wa mtu mwingine juu ya gia.

Hiyo ni miaka mitatu iliyopita. Mtoto tulimwita Prisila. Ana afya, anapenda gari kuliko chakula. Majirani wanasema baba yake ni mtu mzuri, mtulivu, anavuta kiko chake barazani na hana maneno mengi. Zamani, wanasema, alikuwa na ganzi fulani, sasa anacheka. Pelagia naye amenawiri. Mwanzoni alikuwa akimtazama mumewe sana usoni, hasa wakati wa kula. Siku hizi hatazami tena. Nadhani anajua. Nadhani alijiuliza, akamtazama mtoto, akaamua kutouliza. Simlaumu. Na mimi sikumuuliza Mama Romana.

Hainiumi. Ningependa iniume.

Wiki iliyopita tulikuwa tunashuka mjini, jioni. Pelagia alikuwa nyuma na Prisila mapajani. Gari lilikuwa linaelea. Baada ya kona, mvua ilikuwa imekata barabara, na dereva alikuwa anamchekea mtoto kwenye kioo, hakuona. Mimi, kwenye kiti cha kushoto, niliona. Nikainama upande wake, karibu kabisa na sikio.

"Punguza," nikamwambia. "Kuna shimo."

Akapunguza. Akalizunguka polepole.

"Asante, Pelagia," akasema.

Pelagia akamkumbatia mtoto. Akakitazama kiti cha kushoto.

"Sijasema kitu," akajibu.