Jiko Lililojaribiwa Ndani

Kila asubuhi mimi ndiye ninayechemsha chai nyumbani. Jiko letu liko karibu na dirisha lenye kioo kilichovunjika, na upepo ukipita hapo, moto unalala upande na sufuria inanuna. Basi mama, akiwa bado anavaa, hunipigia kelele kutoka chumbani: "We Pilipili, ziba hilo dirisha! Unapasha joto sufuria au unampashia jirani?" Pilipili ni mimi. Jina hilo alinipa mama mwenyewe kwa sababu ya hasira zangu, na sioni haja ya kulikana.

Nasema haya mapema ili mjue kwamba habari za moto na upepo mimi nazifahamu. Ndiyo maana jambo alilofanya kiranja wetu lilinikera, na mpaka leo nikilikumbuka damu inanichemka.

Klabu yetu ya kupanda milima ilikuwa inajiandaa kwa safari yake ya kwanza ya kulala nje, kila mtu na shanta lake mgongoni. Tulihitaji jiko dogo la kubeba. Mwenye duka la vifaa vya kambi alituazima majiko mawili ili tuchague moja. La kwanza lilikuwa la gesi, jepesi, linang'aa, unalikunja linaingia mfukoni, na kimtungi chake kidogo. La pili lilikuwa la mafuta ya taa, la kupampu, zito, lakini lilikuja na bati lake la kukinga moto usipeperushwe.

"Msichague kwa macho," mwenye duka alituambia mimi na kiranja. "Yajaribuni nje, penye upepo. Mkichukua la gesi, likingeni upande unaotoka upepo tu. Mkilizungushia pande zote, mtungi utapata joto ulipuke. Na jiko lolote lile, msiliwashe ndani ya hema. Hema linashika moto upesi, na hewa mbaya ya jiko inaua mtu kimya kimya."

Mwalimu wa jiografia, ambaye ndiye kiongozi wa klabu, akatutuma tukayajaribu yote mawili kwenye mwinuko ulio nyuma ya shule. Nilikwenda bombani kuchota maji, nikakuta foleni ndefu. Niliporudi na ndoo yangu, nilimkuta kiranja anafunga begi.

"Nimeshamaliza," akasema. "La gesi limeshinda. Limechemsha haraka ajabu!"

"Umejaribia wapi?"

"Maabara."

"Maabara? Madirisha yamefungwa? Na hili la mafuta je?" Nikafungua tangi lake, nikanusa. Kavu! Halikuwa limeonja hata tone la mafuta.

"Sasa si mimi ndiye nitakayelibeba?" akajibu bila haya. "Unataka hilo dude linivunje mgongo?"

Mchana huohuo alisimama darasani mbele ya wanaklabu wote, kifua mbele, akasema, "Tumeyajaribu yote mawili nje, penye upepo. Tumeona la gesi ndilo bora."

Tumeyajaribu! Nani na nani? Yaani ananiingiza na mimi kwenye uongo wake, tena mbele ya macho yangu! Niliinuka hadi kiti kikaanguka. "Mwongo! Mwongo mkubwa wewe! Mvivu! Mwizi!" Hilo la wizi sijui lilitoka wapi, maana hakuna alichoiba. Nikapiga meza, nikalia, nikayatukana mpaka masikio yake makubwa. Wenzangu wakaangua kicheko. "Pilipili kawaka!" Mwalimu akanionyesha mlango. "Nenda nje ukapoe," akasema. Nilipopoa, jiko la gesi lilikuwa limeshachaguliwa, na hakuna aliyeniuliza huo uongo wenyewe ulikuwa upi.

Siku ya safari mvua ilitunyeshea njia nzima. Jioni, tukikaribia juu, mdogo wetu kuliko wote, tuliyemwita Kinda, aliteleza kwenye kijito akalowa chapachapa. Tulipofika pa kupiga kambi, meno yake yalikuwa yanagongana na maneno yanamtoka kwa shida. Mwalimu alimwingiza kwenye hema la kwanza, akamvua zile nguo, akamfunika kwa mablanketi. "Nataka chai ya moto yenye sukari nyingi," alituita. "Sasa hivi!"

Kiranja akawasha jiko lake linalong'aa. Upepo ukalizima. Akaliwasha tena. Moto ukalala ubavu, ukaunguza hewa, na maji yakabaki baridi vilevile. "Vipi, bado?" mwalimu akauliza. "Bado," tukajibu. Akauliza tena, na sauti yake ilikuwa na hofu. Hapo kiranja akalinyakua jiko, akatambaa nalo kwenye hema la pili. "Humu hakuna upepo," akasema, na kiberiti kiko mkononi.

Hasira iliyonipanda hapo sijapata kuiona maishani. Nilitaka kumrarua! Mdomo ulikuwa umeshafunguka nipige ukelele, nikaukumbuka ule mlango wa darasa. Nikipiga kelele watamsikia Pilipili, hawatasikia kitu kingine. Nikauma meno. Nikaingia hemani, nikaushika mkono wake, nikasema polepole: "Ukiwasha humu, hema litaungua au hewa mbaya itatuua. Mwenye duka alituambia sote wawili. Toa jiko nje." Kisha nikawageukia wenzangu. "Leteni mawe, yaliyo bapa. Haraka!"

Hakuna aliyecheka. Tulipanga ukuta mfupi wa mawe upande uliokuwa ukitoka upepo, tukauacha upande wa pili wazi ili mtungi usipate joto. Nikafunika sufuria kwa kifuniko, nikawasha. Moto ukasimama wima. Tuliutazama hadi mvuke ukaanza kuinua kifuniko.

Kinda alikunywa kidogo kidogo, mwalimu akimshikia kikombe. Rangi ikaanza kumrudia. Alipofika katikati ya kikombe cha pili akakunja uso na kusema, "Sukari haitoshi." Mwalimu akacheka, kisha akafuta macho.

Alipotoka hemani, kicheko kilikuwa kimekwisha. "Si mlisema jiko hili mlilijaribu penye upepo?"

Kiranja akatazama viatu vyake. "Nililijaribu maabara, mwalimu. Peke yangu. La mafuta sikuliwasha kabisa. Pilipili hakuwepo."

"Yaani mtoto wa watu angetufia huku kwa sababu wewe ulikwepa jiko zito?" Sijawahi kumsikia mwalimu akiwaka hivyo. "Basi sikiliza. Uzito ulioukwepa wewe, leo umebebwa na Kinda. Uongo ndivyo ulivyo. Anayeusema anatembea mwepesi, na mwingine ndiye anayeelemewa."

Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, siku ile ulikuwa na ukweli mkononi, lakini hasira yako uliiwasha penye upepo. Ikatapakaa darasa zima na haikuivisha kitu. Leo umeikinga, na tumepata chai. Sikukatazi kukasirika, mwanangu. Uongo ni wa kukasirikiwa. Ila ikinge. Na mimi nina kosa langu. Nilisikia kelele zako, sikuuliza maneno yako. Nisamehe."

Chai iliyobaki ilitosha kikombe kimoja tu. Kiranja alikuwa amejitenga, kikombe kitupu kipo mapajani, hathubutu hata kukitazama. Mnadhani nilikuwa nimemsamehe? Thubutu! Nilikuwa bado nimefura. Lakini na yeye alikuwa anatetemeka kwa baridi, nikaenda nikammiminia yote.

"Kunywa," nikamwambia. "Safari ijayo tunachukua la mafuta, na tunalijaribu nje, mimi na wewe."

Akakishika kikombe kwa mikono miwili. "Nitalibeba mimi," akasema.