Sisimizi Kitini pa Daisy

Kabati lilikuwa limefunguliwa kwa ufunguo, wala si kwa nguvu. Hilo ndilo la kwanza aliloliona Inspekta Pauline Kathini alipoingia, saa mbili na robo asubuhi, katika chumba cha Chama cha Filamu cha wanafunzi, kwenye chuo kilichoko nje kidogo ya mji wa Voi. Diski iliyobeba kazi ya mwaka mzima ilikuwa imetoweka. Nakala ya pili, iliyokuwa ndani ya kompyuta, ilikuwa imefutwa isibaki hata picha moja.

"Leo saa kumi tunaionyesha," alisema Daisy Ndulu, mwenyekiti wa chama, macho makavu, kidevu juu. "Watu wa kijiji cha Kishushe wameshapanda lori. Tutaionyesha, afande, hata ikibidi nisimame mbele ya ukuta niisimulie kwa mdomo."

"Filamu ya nini?"

"Ya ardhi yao. Kuna kampuni inataka kuchimba madini kwenye malisho. Kesho kamati ya ardhi inakaa kuamua, na wanakamati watatu wamekubali kuja kutazama leo. Leo ikipita, imepita."

"Nani hakutaka ionyeshwe?"

Daisy alicheka kicheko kisicho na furaha. "Bwana Kimanzi, msimamizi wa wanafunzi. Alitaka tukate nusu nzima. Tukapiga kura, tukala kiapo: filamu ikishakamilika, halikatwi neno, haikatwi picha. Akatupiga marufuku. Tukamjibu kwa barua ya mstari mmoja."

"Mliandika nini?"

"'Tutakuwekea kiti mbele.'"

Kathini aliuma mdomo asicheke. Nyuma yake Koplo Mwakio, mtu wa kabila la Wadawida wa milima ya karibu, aliyebakiza miezi mitatu kustaafu, alikuwa akinyunyiza unga wa kunasia alama za vidole.

"Alama ni tele, afande. Kila mwanachama ameshika kila kitu. Hazitufai."

Simu ikalia. Alikuwa mkuu wa kituo.

"Inspekta, hiyo ni filamu ya watoto wa shule. Andika taarifa, urudi. Chuo kimelalamika."

"Chuo hakijaibiwa, mkubwa. Walioibiwa ni wanafunzi."

"Kathini!"

"Nitarudi nikimpata mwizi." Akakata simu kabla ya kukatiwa.

Bwana Hillary Kimanzi alipatikana ofisini mwake saa nne, mkoba wa safari ungali mlangoni.

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Mombasa, mkutanoni. Nimerudi na treni ya asubuhi. Tiketi hii hapa." Akaisukuma mezani. "Nami nakwambia waziwazi, nimefurahi."

"Kufurahi si kosa la jinai. Ufunguo wa kabati unawekwa wapi?"

"Nitajuaje?"

"Na nakala ya kompyuta?"

"Nakala gani?" Uso ukamshuka. "Kumbe wana nakala?"

"Walikuwa nayo," alisema Kathini, akainuka. Mtu wa namna hii, aliwaza, angeiba diski na kuisahau kompyuta. Mwizi wao alijua ufunguo ulikofichwa, akajua na kompyuta inavyofunguka. Mwizi wao alikuwa wa nyumbani.

Alirudi chumbani, akakaa sakafuni kama mwanafunzi, akatazama. Hapo ndipo alipowaona sisimizi. Walitoka katika ufa wa ukuta, wakapanda mguu wa kiti cha kuhariria, wakatawanyika juu ya kiti na ukingo wa meza. Kiti kile hakikukaliwa na mwingine ila Daisy.

Kathini akainama. Matone yalikuwa yamekauka, madogo mno, yameenea mithili ya ukungu. Kikombe kikipinduka hakimwagi hivyo. Akagusa kwa kidole kilichovaa glavu, akanusa.

"Binti," alimwuliza Daisy aliyesimama mlangoni, "wewe hunywa juisi ya muwa?"

"Mimi? Hata harufu yake siipendi."

Koplo Mwakio alikuwa amevua kofia.

"Koplo, mbona kofia mkononi?"

"Afande, hii haikumwagika. Imepulizwa kwa kinywa." Mzee alisema polepole. "Kwetu huitwa kutasa. Ukiwa na hasira moyoni juu ya mtu wako, hasira hiyo yaweza kumdhuru. Homa, ajali, lolote. Basi unatia kinywani pombe ya muwa, au juisi yake, unaipuliza na kutamka maneno ya kuitoa hasira. Siku hizi wengi wetu ni watu wa kanisa, lakini mambo haya hayakutuacha yote."

"Kwa hiyo mwizi ana hasira na Daisy."

"Alikuwa nayo, afande. Ameiba, kisha akasimama hapa, akijua anaweza kufumaniwa, ili Daisy asipatwe na baya. Adui hafanyi hivyo."

Kathini akamgeukia Daisy. "Chama kina Wadawida wangapi?"

"Mmoja." Kwa mara ya kwanza kidevu kilimshuka msichana. "Silvanus. Mpiga picha wetu. Ni rafiki yangu, afande."

Silvanus Mwasaru alikalishwa katika ofisi tupu iliyopakana na chumba kile. Alikuwa kijana mrefu, begi mapajani, mikono miwili juu ya begi.

"Muwa ulinunua wapi jana?"

Alikuwa amejiandaa kuulizwa juu ya diski. Akababaika. "Kwa mama wa juisi, pale langoni."

"Ulikunywa?"

"Ndiyo."

"Yote?"

Kijana alilivuta begi kifuani.

"Silvanus, nani amekwambia sisimizi hawatoi ushahidi?"

Kijana akatazama Koplo Mwakio, akaiona kofia mkononi mwake, akaelewa. Hakuinamisha uso. Aliuinua.

"Nimeichukua mimi. Na sijuti, afande. Andika hivyo hivyo."

"Kampuni imekupa nini?"

"Kampuni!" Alisimama, koplo akamkalisha. "Mimi ndiye niliyebeba kamera mwaka mzima kwenye jua la Kishushe kuikataa hiyo kampuni!"

"Basi kwa nini?"

"Kwa sababu ya pango." Pumzi ikamtulia. "Zamani wazee wetu walipokwisha kuzikwa, baada ya muda vichwa vyao vilifukuliwa, vikapangwa pangoni, ukoo kwa ukoo. La kwetu lipo hata leo. Bibi yangu aliniruhusu nilipige picha, naye akazungumza mbele ya kamera, ili ijulikane kwamba ardhi ile ina wenyewe. Nikafurahi. Kisha nikaiona filamu ilivyohaririwa. Dakika nane, afande! Njia yote, kutoka barabarani hadi mdomo wa pango, mwamba kwa mwamba. Mwenye pikipiki anafika bila kuuliza. Bibi alipokuwa msichana, wageni walikuja na magunia, wakaondoka na mafuvu matatu. Mpaka leo hatujui yako wapi."

"Ulimweleza Daisy?"

"Nilimwomba mara tatu akate. Akaniambia tumeapa, nikikatiwa mimi leo, kesho Kimanzi atadai naye akatiwe. Basi nikakataa ionyeshwe hivyo. Siwezi kumfukuza mchimba madini huku namwonyesha njia mwizi wa mafuvu. Kesho ningekwenda mbele ya kamati niseme kwa mdomo wangu."

"Na diski?"

Akalifungua begi. Diski ilikuwa imeviringishwa ndani ya shati safi. "Nisingeivunja. Ni kazi yetu."

Kathini akaufungua mlango. Daisy alikuwa kizingitini. Alikuwa amesikia yote.

"Mlalamishi ni wewe," inspekta alimwambia. "Ukitaka, kesho yuko mahakamani."

Daisy aliingia, akasimama mbele ya rafiki yake.

"Umenipulizia juisi kitini?"

"Ungegongwa na lori njia ya Maungu, ningeishije?"

"Sisimizi wameniuma asubuhi nzima, mshenzi wewe." Akafuta jicho kwa kiganja. "Kiapo tulikila juu ya Kimanzi, Silvanus. Hatukukila juu ya bibi yako. Nilipaswa kuliona hilo bila wewe kuiba. Picha ya zile dakika nane nitaizima. Sauti ya bibi itabaki." Kisha kwa inspekta: "Sina malalamiko tena."

Saa kumi ukumbi wa chakula ulijaa, madirisha yamefunikwa kwa blanketi za mabweni. Kimanzi alifika na walinzi wawili. Kathini alikuwa ameziba mlango.

"Inspekta, simamisha jambo hili mara moja!"

"Diski hii imepita mikononi mwa polisi, Bwana Kimanzi. Sheria inanitaka nihakikishe haikuharibika. Nahakikisha sasa hivi, mbele ya mashahidi mia mbili." Akasogea kidogo, mtu mmoja aweze kupita. "Walinzi wabaki nje. Wewe kiti chako kipo, kule mbele."

Mia mbili wakageuka kumtazama. Akaenda, akakaa.

Ilipofika zamu ya pango, ukuta ukawa mweusi. Gizani sauti ya ajuza ikaanza kuwataja wafu wake kwa majina, mmoja baada ya mwingine, bila haraka. Mzee mmoja wa Kishushe akasimama. Kisha safu yake nzima. Kisha ukumbi wote, na wale wanakamati watatu pamoja nao.

Kimanzi peke yake alibaki ameketi, mpaka jina la tisa au la kumi. Naye akasimama.